Nimepata udahili wa biashara ya kimataifa Uingereza. Tuuze kiwanja?

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Nina miaka 28, nimeolewa, nina mtoto wa miaka mitatu. Nilisoma shahada ya biashara hapa Dar es Salaam nikapata GPA ya 3.6, na sasa nina miaka minne kwenye kampuni ya uwakala wa forodha Kurasini. Nimepata udahili wa shahada ya uzamili ya biashara ya kimataifa na menejimenti kwenye chuo kimoja Uingereza, kuanza Septemba 2026, ada pauni 18,500. Wakala ananiambia nilipe kianzio cha pauni 4,000 ndani ya wiki mbili la sivyo nafasi inaondoka. Mjomba ameahidi kunisaidia, na mume wangu amekubali tuuze kiwanja chetu cha Kigamboni. Wakala anasema nitakwenda na familia, nitafanya kazi huku nasoma, deni litakwisha ndani ya mwaka, halafu nitabaki miaka miwili. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu, na hongera kwa udahili. GPA ya 3.6 na miaka minne ya Kurasini si mtaji mdogo, na nitaurudia huo mtaji huko mbele kwa sababu naona wewe mwenyewe umeupita haraka.

Usilipe ndani ya hizo wiki mbili, na kiwanja kisiuzwe kwa ajili ya kozi hii kama ulivyoelezewa. Biashara ya kimataifa ni somo zuri, limewatoa watu wengi. Tatizo ni kwamba umeuziwa vitu viwili kwa bei moja: shahada, na maisha ya Uingereza. Shahada ipo, ukisoma utapewa. Hayo maisha wakala hana mamlaka nayo, na sehemu kubwa ya aliyokuambia imeshaondoka kwenye kanuni. Kipimo ninachowapa wanafunzi wote ni hiki: piga hesabu kana kwamba siku ya pili baada ya mahafali umo kwenye ndege ya kurudi nyumbani. Hesabu ikikubali hivyo, nenda. Ikikubali kwa sababu tu ya kubaki kule, hiyo ni bahati nasibu, na tiketi yake hainunuliwi kwa kiwanja.

Tuanze na familia, maana hapo hakuna cha kujadili. Tangu Januari 2024 Uingereza imezuia wanafunzi wa uzamili wa darasani kwenda na mwenza au watoto. Ruhusa imebaki kwa wanaosoma shahada za utafiti, kama uzamivu, na kwa baadhi ya wanaolipiwa na serikali. Kozi yako haimo. Na usifikiri utawavuta ukishamaliza masomo: ile viza ya kufanya kazi baada ya shahada inawapokea wategemezi ambao tayari waliruhusiwa pamoja nawe ulipokuwa mwanafunzi. Ambao hawakuwamo tangu mwanzo hawaingii kwa mlango huo. Mtu anayekuambia leo kwamba utakwenda na mume na mtoto kwa uzamili wa biashara, ama hajasoma kanuni tangu 2023, ama amezisoma. Hili la pili ndilo linalonitisha.

Ile miaka miwili ya kubaki ilikuwa kweli. Utaratibu huo ulianza Julai 2021 na umewasaidia wengi. Lakini serikali yao imeshatangaza kwamba atakayeomba kuanzia 1 Januari 2027 atapewa miezi 18, isipokuwa mwenye uzamivu. Ukianza Septemba 2026, tasnifu utaikabidhi Septemba 2027 hivi, na huruhusiwi kuomba mpaka chuo kiiarifu serikali kwamba umefaulu. Wewe basi ni wa miezi 18. Ukijumlisha na mwaka wa masomo, ni miaka miwili na nusu mbali na mtoto ambaye wakati huo atakuwa ameshaanza darasa la awali. Kuna akina mama wanaoweza, na nyumba zao zimesimama. Mazungumzo hayo ni yako na mumeo, ila yafanyeni mkijua miaka halisi.

Sasa kazi. Mwanafunzi wa uzamili anaruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Mawakala huwa hawasemi kwamba kwa kozi ya mwaka mmoja, kiangazi si likizo. Juni mpaka Septemba unaandika tasnifu, na kwa watu wa uhamiaji huo ni muhula, saa ni zile zile 20. Kujiajiri hairuhusiwi, kwa hiyo mpango wa kuuza vitenge mtandaoni uweke kando. Kima cha chini cha mshahara kuanzia Aprili 2026 ni pauni 12.71 kwa saa kwa mwenye miaka 21 na kuendelea. Mara 20, ni pauni 254 kwa wiki kabla ya makato. Ukifanya kila wiki ya mwaka, bila kuugua, bila wiki ya mitihani, bila bosi kukupunguzia zamu, unapata wastani wa pauni 1,100 kwa mwezi. Serikali hiyo hiyo inamtaka mwanafunzi aliye nje ya London aonyeshe pauni 1,171 za kuishi kila mwezi, na aliye London pauni 1,529. Yaani kazi ya juu kabisa unayoruhusiwa kufanya haifikii hata chakula na chumba chako mwenyewe. Hilo deni la ada linalokwisha ndani ya mwaka linalipwa kwa hela ipi?

Chukua daftari uandike, kwa pauni. Ada 18,500. Viza 524, bei iliyowekwa Aprili 2025, na huwa inapanda, kwa hiyo angalia ya siku utakayoomba. Tozo ya huduma ya afya ni 776 kwa mwaka, lakini viza yako itazidi mwaka kwa miezi kadhaa, hivyo utatozwa mwaka na nusu: 1,164. Kuishi miezi 12 kwa 1,171 ni 14,052. Jumla 34,240, na bado hujanunua tiketi, hujalipia kipimo cha kifua kikuu, hujanunua koti. Zidisha kwa bei ambayo benki yako inauza pauni leo, siyo ile inayoonekana ukitafuta kwenye simu. Halafu linganisha na bei ya Kigamboni.

Kuna jambo la benki ambalo limewakwamisha wengi wa kwetu, tena wakiwa na hela zao. Ukishalipa kianzio cha 4,000, kwenye maombi ya viza utatakiwa kuonyesha ada iliyobaki, 14,500, na fedha za kuishi kwa miezi tisa, 10,539. Jumla 25,039. Kiasi hicho kikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka hata siku moja, na siku ya mwisho ya hizo 28 iwe ndani ya siku 31 kabla ya kuomba. Benki ikikata makato yake siku ya 27 ukabaki na pungufu ya pauni mbili, unaanza kuhesabu upya. Fedha zikiwa za shilingi, hubadilishwa kwa bei ya siku ya maombi, kwa hiyo weka ziada ya kutosha; shilingi haimsubiri mtu.

Akaunti iwe na jina lako, hata kama ni ya pamoja na mumeo, au iwe ya mzazi wako. Mjomba kwetu ni mzazi. Kwenye kanuni zao siye. Akitaka kukusaidia, hela iingie kwako mapema, kwa muamala unaoeleweka, na wewe uwe na maelezo ya ilikotoka. Michango inayodondoka vipande vipande kutoka kwenye simu za ndugu wiki ya mwisho inaibua maswali, na afisa wa viza hajui sisi tunavyochangiana. Ukiamua kutumia akaunti ya mama, utahitaji cheti chako cha kuzaliwa kinachomtaja, pamoja na barua yake ya kuridhia. Kitoe hicho cheti cha RITA leo, kisome herufi kwa herufi. Cheti kikisema Zuhura na akaunti ya mama ikisema Zuhra, herufi moja hiyo inaweza kukurudisha nyuma mwezi mzima. Jina likitofautiana, mwone mwanasheria sasa, usingoje wiki ya kuomba viza. Kipimo cha kifua kikuu nacho ni lazima kwa anayetoka Tanzania, kinafanyika kwenye kliniki iliyoidhinishwa tu, na cheti chake kinadumu miezi sita. Usikiwahi mno.

Tuseme yote haya umeyavuka, umehitimu, umo kwenye ile miezi 18. Utabaki baada ya hapo? Inawezekana, lakini inataka mwajiri mwenye leseni ya kudhamini wageni, na mshahara wa kutosha. Kiwango cha kawaida tangu Julai 2025 ni pauni 41,700 kwa mwaka. Aliyetoka kwenye masomo ana nafuu, anaweza kuanzia 33,400, nayo nafuu hiyo ina kikomo cha miaka minne, na muda uliokaa kwa ile viza ya baada ya shahada unahesabiwa humo. Kazi nyingi za ofisini za mtu anayeanza zinalipa chini ya hapo, hasa nje ya London. Wanaofanikiwa mara nyingi ni wale waliokuwa na kitu mahsusi mkononi: uchambuzi wa takwimu, uhasibu wenye cheti cha bodi, au uzoefu wa kazi ambao mwajiri hawezi kuupata kirahisi pale alipo. Shahada yenye maneno "biashara ya kimataifa" peke yake haimshawishi mwajiri wa Leeds, kwa sababu kila Septemba maelfu wanaingia wakiwa na nia ya kutoka nayo.

Ndiyo maana nasema rudi kwenye mtaji wako.

Kozi za jina hili, biashara ya kimataifa na menejimenti, nyingi ziliundwa zimpokee mtu yeyote: aliyesoma historia, aliyesoma kemia, aliyesoma lugha. Kwa hiyo muhula wa kwanza unajaa misingi ya masoko, uhasibu kwa mameneja, menejimenti ya rasilimali watu, mkakati. Wewe una shahada ya biashara. Hayo uliyasoma kwa shilingi, sasa utayarudia kwa pauni, ukiwa na wenzako wengi wa miaka 22 na 23 ambao hawajawahi kushika hati ya shehena. Kati ya krediti 180 za uzamili wa Uingereza, 60 huwa za tasnifu, kwa hiyo zinazobaki kwa masomo ya darasani ni 120. Ukitoa zile unazozijua, jiulize unalipia nini. Fungua ukurasa wa kozi yako, orodhesha masomo yote, weka alama kwenye yale ambayo hukuyasoma kwenye shahada ya kwanza. Yakizidi nusu, kozi ina cha kukupa. Yakiwa matatu, tafuta kozi nyingine.

Sisemi kwamba nadharia zake ni bure. Chukua ile ya Uppsala, ya Wasweden Johanson na Vahlne, ya mwaka 1977: kampuni huanza kutoka nje kwa kwenda kwa jirani anayefanana naye, inajifunza, kisha inasogea mbali zaidi. Ukiisoma halafu ukaiangalia benki yetu ya CRDB ikifungua Burundi mwaka 2012 na Lubumbashi mwaka 2023, utaona kama vile imeandikwa kwa ajili yao. Halafu angalia upande wa pili. Kampuni ya supamaketi ya Kenya inayoitwa Uchumi ilifuata njia hiyo hiyo ya ujirani, ikaingia Uganda na Tanzania, na mwaka 2015 ikafunga maduka yake ya nchi zote mbili. Shoprite, supamaketi ya Afrika Kusini, iliwauzia Nakumatt wa Kenya maduka yake ya Tanzania mwaka 2014, na miaka michache baadaye Nakumatt wenyewe wakaanguka. Kwa nini benki zimeweza pale ambapo supamaketi zimeshindwa? Mwenye duka la jumla Kariakoo anaweza kukupa nusu ya jibu. Nusu nyingine, ile ya mtaji, madeni kwa wasambazaji na kodi za maduka makubwa, ndiyo unayokwenda kuisomea. Hapo darasa linalipa.

Kuna na pa kubishana. Utakutana na Hofstede, Mholanzi aliyepima tamaduni za mataifa kwa kuwahoji wafanyakazi wa IBM, mwisho wa miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970. Kwenye takwimu zake za asili sisi tuko kwenye kapu moja linaloitwa Afrika Mashariki, na ndani yake mna Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia. Karani wa Addis Ababa, mfanyabiashara wa Mombasa na mkulima wa Kasama wana alama moja. Bado inafundishwa mpaka leo kwenye vyuo vingi, na wanafunzi wa kwetu wananakili hizo alama kwenye insha bila kuguna. Ukienda, guna. Mhadhiri mzuri anaipenda hoja ya namna hiyo kuliko kurasa kumi za kunukuu, na wewe unayo ya kutosha: unajua mteja wa Bujumbura anavyojadili bei tofauti na wa Ndola.

Sasa angalia ulivyo tayari. Unamjua yule mteja aliyenunua mzigo kwa FOB Ningbo, yaani bei inayoishia mzigo ukipakiwa melini kule China, akidhani nauli ya meli imo, akaja Kurasini na uso wa kufiwa. Unajua kontena likichelewa siku mbili bandari kavu nani analipa nini. Unajua tofauti ya mzigo wa ndani na mzigo unaopita kwenda Congo au Zambia. Wanafunzi wenzako watasoma Incoterms, yale masharti ya kimataifa ya muuzaji na mnunuzi nani analipa nini, kwenye slaidi kwa saa moja. Wewe ndizo zinazokulisha ugali. Na bandari yenyewe inabadilika chini ya miguu yako: Oktoba 2023 DP World walisaini mkataba wa miaka 30 kwenye sehemu ya bandari ya Dar es Salaam, na kila mwendeshaji mkubwa anayekuja anatafuta watu wanaoweza kusoma takwimu za mzigo, kupanga mnyororo wa ugavi na kuzungumza na forodha bila mkalimani. Mtu huyo ni wewe ukiongeza kitu kimoja mahsusi.

Kwa hiyo kama ni kusoma nje, ningetazama kozi za mnyororo wa ugavi, usafirishaji na biashara ya bahari kabla ya hii ya jumla. Cardiff na Cranfield, kwa upande wa Uingereza, wana majina ya siku nyingi kwenye usafirishaji na ugavi. Nje ya Uingereza kuna Chuo Kikuu cha Bahari cha Dunia, kilichoko Malmö, Sweden, kilichoanzishwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Bahari mwaka 1983. Shahada yao ya uzamili inachukua miezi 14 hivi, ina mchepuo wa bandari na usafirishaji, na wanafunzi wengi wanalipiwa na wafadhili. Wengi hutoka serikalini na kwenye mamlaka za bahari, kwa hiyo wewe wa kampuni binafsi utakuwa na kazi ya ziada kujieleza, lakini kuuliza hakulipiwi.

Ujerumani nayo usiipite. Vyuo vya umma vya majimbo mengi havitozi ada ya masomo. Baden-Württemberg wanawatoza wanaotoka nje ya Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Zipo kozi za Kiingereza. Unachotakiwa ni kuweka euro 11,904 kwenye akaunti maalumu iliyofungwa, nazo ni zako, unachotewa euro 992 kila mwezi ukiwa kule. Kozi ni miaka miwili, ushindani ni mkali, na watakagua shahada yako ya kwanza ina krediti ngapi za biashara, jambo ambalo kwako ni faida. Ubaya wake ni mmoja mkubwa: bila Kijerumani cha maana, kazi ya ofisini baada ya hapo ni ngumu kupata.

Kuna pia ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza. Unadai uzoefu wa kazi wa saa 2,800, kama miaka miwili, nawe unazo. Ufadhili wenyewe ndio unaolipa ada, posho na tiketi. Maombi kwa kawaida hufunguliwa Agosti na kufungwa mwanzoni mwa Oktoba, kwa masomo yanayoanza mwaka unaofuata. Sharti lake ni kurudi nyumbani na kukaa angalau miaka miwili. Nimeshasikia watu wakilikataa kwa sababu hiyo, wakaenda kukopa ili wabaki kule, kisha wakarudi baada ya miezi 18 wakiwa na deni. Kwa mtu mwenye mume na mtoto Dar es Salaam, sharti hilo halikuondolei kitu. Ushindani ni mkubwa, wala sikuahidi kwamba utapata. Ila insha zao zinauliza mambo ya uongozi na mpango wako wa kazi, na mtu anayeweza kueleza kwa mifano namna mzigo wa nchi jirani unavyokwama bandarini ana hadithi kuliko anayeandika kwamba anapenda maendeleo.

Na kama lengo lako la karibu ni cheo na mshahara pale pale Kurasini, kuna kile cheti cha forodha na uwakala wa mizigo cha Afrika Mashariki kinachotolewa Chuo cha Kodi. Huenda unacho tayari. Kama huna, sielewi tunazungumzia pauni 34,000 za nini kabla ya hicho.

Kuhusu wakala. Ukiona huduma ya bure, ujue kuna anayeilipia, na mara nyingi ni chuo chenyewe, kwa kamisheni inayotokana na ada utakayolipa. Si dhambi, na wapo mawakala wazuri. Lakini ndiyo sababu umeonyeshwa chuo hicho na si kingine, na ndiyo sababu ya hizo wiki mbili. Mwandikie barua pepe mtu wa ofisi ya udahili ya chuo moja kwa moja, kwa anwani iliyoko kwenye tovuti ya chuo, siyo aliyokupa wakala. Muulize tarehe halisi ya mwisho ya kulipa kianzio. Mara nyingi ni mbali kuliko ulivyoambiwa. Muulize kama unaweza kuahirisha udahili hadi Januari au Septemba inayofuata kwa ada ile ile. Muulize kianzio kinarudishwa katika hali gani: vyuo vingi hurudisha ukinyimwa viza bila kosa lako, wakikata kidogo, lakini ukibadili mawazo tu, au ikionekana nyaraka zako zina kasoro ya uongo, hela imekwenda. Muulize pia utasomea kampasi gani. Kuna vyuo vya Wales, Scotland na kaskazini mwa Uingereza vyenye tawi London linaloendeshwa na kampuni mbia. Cheti kina jina la chuo, lakini maktaba, wahadhiri na wenzako si wale wa kampasi kuu, na gharama ya kuishi ni ile ya London, 1,529 kwa mwezi badala ya 1,171. Barua yako ya udahili inaweza kuwa imeandika kampasi kwa herufi ndogo ukurasa wa pili.

Angalia pia kama shule yao ya biashara ina ithibati ya AACSB au EQUIS, ambazo ni alama za kimataifa za ubora wa shule za biashara. Orodha ziko wazi kwenye tovuti za taasisi hizo. Chuo kisicho nazo si lazima kiwe kibaya, lakini pauni 18,500 ni fedha ya kuwa na haki ya kuchagua. Kwa miaka yako minne ya kazi unaweza hata kuangalia MBA, maana vyuo vyenye ithibati ya AMBA, chama kinachokagua kozi za MBA, vinadai angalau miaka mitatu, na darasa lake lina watu wa umri na uzoefu wako. Bei yake mara nyingi ni kubwa zaidi. Itazame kama una mfadhili tu.

Ningekuwa wewe, ningeahirisha huu udahili wa Septemba kwa maandishi, bila kulipa. Agosti ningeingia Chevening, na Malmö ningewaandikia wiki hii. Kazi nisingeacha. Mwajiri wako ningemwomba anihamishie dawati la mizigo inayopita kwenda nje, hata kwa mshahara ule ule, kwa sababu hiyo ndiyo tasnifu yako ya baadaye: kontena la Lubumbashi linachukua siku ngapi kutoka kushushwa melini hadi kuvuka mpaka, na siku zinapotelea wapi. Hakuna mwanafunzi wa miaka 22 atakayepata takwimu hizo.

Na ningeanza Kifaransa. Alliance Française hapo Upanga wana masomo. Mtu wa Lubumbashi mtaelewana kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza, lakini karatasi zake za forodha zimeandikwa Kifaransa, na kwenye ofisi yako anayezisoma leo huenda ni mmoja tu, naye hachukui likizo.